Ndege za Kale za Wacheki na Mafundi Wanaozifufua

Historia ya taifa haimo katika vitabu peke yake. Imo pia katika vyombo ambavyo taifa hilo liliviunda kwa akili na mikono yake: majembe, majahazi, madaraja na mitambo. Chombo kikipotea, sehemu ya historia hupotea pamoja nacho. Jina lake laweza kubaki katika maandishi, na pengine picha yake pia. Lakini uzito wake mkononi, sauti yake, na tabia yake kilipotumiwa, mambo hayo hayaandikwi kwa urahisi. Katika insha hii tutatazama habari za ndege za kale za Wacheki, na habari za watu wa siku hizi wanaojaribu kuzifufua ndani ya kompyuta. Tutaona ya kuwa kazi hiyo, ingawa wengi huiita mchezo, ina masharti yale yale yanayomfunga mwandishi wa historia.

Ucheki ni nchi ndogo katikati ya Ulaya, nayo haina pwani. Pamoja na udogo wake, watu wake waliingia katika maarifa ya kuruka mapema sana. Tarehe 13 Mei, 1911, mhandisi Jan Kašpar alipaa kutoka mji wa Pardubice akaruka mpaka Chuchle, karibu na Praha, mwendo wa kilomita 121, kwa muda wa dakika 92. Siku hizo Wacheki hawakuwa na dola yao wenyewe. Walitawaliwa na wafalme wa Austria na Hungaria. Ndege ya Kašpar, iliyofuata mtindo wa Mfaransa Blériot, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Ufundi mjini Praha, na mgeni aitazamaye hushangaa jinsi mtu alivyothubutu kuyakabidhi maisha yake kwa vijiti, nyaya na vitambaa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, Wacheki na Waslovakia waliunda taifa moja, Chekoslovakia. Taifa hilo changa lilikuwa na majirani wenye nguvu, na viongozi wake walitambua kwamba nchi isiyojiundia ndege itakuwa mtumwa wa nchi inayoziunda. Kwa hiyo, katika muda mfupi sana, viwanda vitatu vikubwa vilisimama katika mji wa Praha na kando yake: Letov, Aero na Avia. Wahandisi wawili wa Avia, Pavel Beneš na Miroslav Hajn, walibuni ndege ambazo ziliitwa kwa herufi za kwanza za majina yao, yaani BH. Mwaka 1923 shirika la ndege la taifa lilianzishwa, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo rubani Karel Brabenec alifanya safari yake ya kwanza kutoka Praha kwenda Bratislava.

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba habari hizi ni za mbali naye kabisa. Jina la Bata, ambalo limeandikwa juu ya viatu vya wanafunzi wengi, na juu ya kiwanda kilichoko Limuru, ni jina la ukoo wa Kicheki kutoka mji wa Zlín. Tomáš Baťa, aliyeianzisha kampuni hiyo ya viatu, alipenda kusafiri kwa ndege ili asipoteze wakati, na kwa ndege akafa, asubuhi ya tarehe 12 Julai, 1932. Kifo hicho hakikuizuia kampuni yake kuingia katika uundaji wa ndege. Miaka ya katikati ya 1930 ilitoa Zlín XII, ndege ndogo ya mbao yenye viti viwili, iliyokusudiwa wanafunzi wa urubani na watu wa kipato cha kadiri. Mwaka 1947 ikafuata Zlín 26, iliyoitwa Trener, maana yake mkufunzi. Mashindano ya kwanza ya dunia ya sarakasi za angani yalipofanyika Bratislava mwaka 1960, mshindi alikuwa Ladislav Bezák, akiruka ndege ya jamii hiyo. Nazo ndege za abiria za L-410, zilizoanza kuruka mwaka 1969 katika mji wa Kunovice, zimetua katika viwanja vingi vya Afrika Mashariki.

Walakini, katika ndege zote za Wacheki hakuna iliyobeba furaha na uchungu wa taifa kama ile iitwayo Avia B-534. Ilibuniwa na mhandisi František Novotný, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1933. Ilikuwa ndege ya kivita yenye mabawa mawili, moja juu na moja chini, yaliyoshikwa kwa nguzo na nyaya. Injini yake ya Hispano-Suiza ilikuwa na silinda 12 na nguvu za farasi zipatazo 850. Ilichukua bombomu nne na rubani mmoja, na mwendo wake ulikaribia kilomita 400 kwa saa. Kwa wakati wake ilikuwa miongoni mwa ndege bora za aina hiyo duniani. Zaidi ya 500 ziliundwa, na kila mtoto wa Chekoslovakia aliyesikia ngurumo yake angani aliamini kwamba nchi yake ina ngao.

Ngao hiyo haikuinuliwa. Mwishoni mwa Septemba 1938 wakuu wa Ujerumani, Italia, Uingereza na Ufaransa walikutana katika mji wa Munich, wakakubaliana kwamba sehemu za mpakani mwa Chekoslovakia zikabidhiwe kwa Hitler. Wenye nchi hawakupewa kiti katika mkutano huo. Majeshi yao yalikuwa yamekwisha kuitwa tayari, na marubani walikuwa wakingoja amri kando ya ndege zao. Lakini amri iliyokuja ilikuwa ya kutopigana. Tarehe 15 Machi, 1939, majeshi ya Ujerumani yaliingia Praha. Mamia ya ndege zilizoundwa kwa kodi za wananchi ili kuwazuia maadui zikachukuliwa na maadui hao hao bila risasi kufyatuliwa angani.

Baada ya hapo B-534 zilitawanyika kama watoto wa nyumba iliyovunjika. Nyingine zilipakwa misalaba ya Ujerumani zikatumiwa kuwafundishia marubani wageni. Nyingine ziliuzwa Bulgaria, na mwaka 1943 zilijaribu kuzishambulia ndege kubwa za Marekani zilizokuwa zikirudi kutoka kupiga mitambo ya mafuta ya Ploiești. Nyingine zilibaki Slovakia, na watu wa huko walipoasi dhidi ya Wajerumani mwaka 1944, ndege chache zilizokuwa zimechakaa zilirudi kupigania uhuru. Tarehe 2 Septemba mwaka huo rubani František Cyprich, akiwa ndani ya B-534, aliangusha ndege ya uchukuzi ya Hungaria; na wanahistoria wengi hulihesabu tukio hilo kuwa ushindi wa mwisho wa angani uliopatikana kwa ndege ya kivita yenye mabawa mawili.

Je, leo ndege hiyo yaonekana wapi? Katika makumbusho ya Kbely, ambako ni kiwanja cha kale cha ndege cha Praha, ipo B-534 moja, na nyingine ipo Košice nchini Slovakia. Lakini zote mbili zimeundwa upya, kwa kuunganisha vipande vichache vya asili na vipande vilivyotengenezwa baadaye. Katika mamia yaliyotoka kiwandani, haikubaki hata moja iliyo kamili. Hapa ndipo kazi ya wafufuaji inapoanzia.

Yafaa kwanza tueleze chombo wanachokitumia. Tangu zamani watu walitafuta njia ya kujifunza kuruka bila kuondoka ardhini. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda, alitumia mifuko ya hewa kama ile ya vinanda akaunda kisanduku chenye mabawa mafupi, kilichoinama na kugeuka kadiri mwanafunzi alivyosukuma usukani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya marubani walianza masomo yao katika visanduku hivyo. Kompyuta zilipoingia majumbani, kazi hiyo ilihamia katika kioo. Kufikia mwaka 1980 Bruce Artwick alikuwa ameandika programu ya kuiga urukaji kwa kompyuta ndogo, na mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikaanza kuuza programu kama hiyo. Nyingine zilifuata, mathalani X-Plane, iliyotoka mwaka 1995. Programu hizo zina jambo moja jema sana: waundaji wake waliacha mlango wazi, hata mtu mwingine yeyote mwenye maarifa na subira aweze kuongeza ndege yake mwenyewe. Ndege hizo za nyongeza ndizo tunazozizungumza.

Kazi ya kwanza ya fundi ni kukusanya ushahidi. Hutafuta michoro ya kiwanda, vitabu vya mafunzo ya marubani, taarifa za majaribio, na picha nyingi kadiri apatavyo. Huenda makumbusho na kipimio chake, akapima kile kilichobaki. Mara nyingi ushahidi hupingana. Mathalani, B-534 za toleo la mwanzo zilikuwa na bombomu mbili ubavuni na mbili katika mabawa ya chini. Baadaye zote nne ziliwekwa ubavuni. Za mwanzo zilikuwa wazi, rubani akipigwa na upepo usoni. Za mwisho zilikuwa na kifuniko cha kioo. Fundi asiyetambua tofauti hiyo huchukua mabawa ya mwaka mmoja na kifuniko cha mwaka mwingine, akaunda ndege ambayo haikupata kuwako. Basi fundi mwema hujiuliza swali la kwanza la mwanahistoria: ushahidi huu ni wa nini hasa, na wa lini?

Kazi ya pili ni kuunda umbo. Ndani ya kompyuta umbo la ndege hujengwa kwa pembetatu ndogo maelfu kwa maelfu, zilizounganishwa kama magamba ya samaki. Juu yake huvikwa rangi, misumari, madoa ya mafuta, na alama za kitambaa kilichovutwa juu ya mbavu za bawa. Chumba cha rubani huundwa pia, na vipimo vyake hupewa maandishi ya Kicheki na hesabu za kilomita na mita, kama vilivyokuwa. Kazi hii huweza kuchukua miezi, na si ajabu ikichukua miaka, maana wengi huifanya usiku baada ya kazi za mchana, na wengi huitoa bure.

Kazi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni kuipa ndege tabia. Umbo zuri lisilo na tabia ya kweli ni kinyago. Zipo njia mbili kuu. Katika njia ya kwanza fundi huipa programu majedwali ya hesabu, yanayoeleza jinsi kani ya kunyanyua na ukinzani wa hewa vinavyobadilika kadiri bawa linavyoinama. Katika njia ya pili, inayotumiwa na X-Plane, programu hukata bawa katika vipande vyembamba na kupiga hesabu ya kila kipande mara nyingi kwa kila sekunde. Njia yoyote aifuatayo, fundi hana budi kuipima kazi yake kwa taarifa za zamani. Taarifa zikisema kwamba ndege ilikwenda kilomita 390 kwa saa, nayo yake yakimbia 450, basi amekosea mahali, hata kama ndege yenyewe yapendeza machoni.

Tuchukue mifano miwili. Injini nyingi ndogo za Kicheki, kama zile za ndege za Trener, huizungusha rafadha upande wa kushoto, ilhali injini nyingi za Kimarekani huizungusha upande wa kulia. Kwa hiyo rubani wa Trener hukanyaga kanyagio la kushoto wakati wa kupaa, mahali ambapo mwenzake wa Marekani hukanyaga la kulia. Fundi asipolijua jambo hilo dogo, humfundisha mwanafunzi uongo kwa miguu yake.

Mfano wa pili ni wa Avia S-199. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Chekoslovakia ilirithi viwanda na vipande vya ndege za Messerschmitt za Ujerumani. Lakini akiba ya injini zake ziliteketea kwa moto ghalani. Mafundi wakalazimika kutia injini ya Junkers, iliyokusudiwa ndege za mabomu, nayo ilikuwa nzito na rafadha yake pana. Matokeo yake ndege ilivuta upande kwa nguvu wakati wa kupaa na kutua, ikawaangusha marubani wengi, nao wakaipa jina la Mezek, yaani nyumbu. Ndege 25 za namna hiyo ziliuzwa kwa taifa jipya la Israeli, zikaingia vitani huko mwezi wa Mei 1948. Sasa fundi anayeifufua Mezek ana jaribu mbele yake. Akiifanya iwe rahisi, wanunuzi watamsifu. Akiifanya iwe ngumu kama ilivyokuwa, wengi watalalamika kwamba kazi yake ni mbovu. Walakini ubaya wa ndege ile ndio historia yake: ni alama ya nchi iliyotoka vitani ikiwa na ufundi mwingi na vifaa vichache. Anayeuondoa ubaya huo huwadhulumu wale waliopambana nao.

Baada ya tabia hubaki sauti na rangi. Sauti hurekodiwa kutoka injini zilizo hai. Kwa Trener si shida, maana zipo zinazoruka hata leo. Kwa ndege zilizokwisha kabisa fundi hutafuta injini iliyo jamaa yake. Rangi nazo zina ushuhuda wao. B-534 moja yaweza kuvikwa duara la rangi tatu la Chekoslovakia, au msalaba wa Ujerumani, au alama za Bulgaria, au za Slovakia. Wapo wanaosema kwamba alama za mtekaji zisionyeshwe. Lakini kijana atazamaye mwili ule ule ukibadilishwa bendera mara nne katika muda wa miaka sita hujifunza maana ya Munich upesi kuliko kwa kusoma kurasa nyingi.

Hata hivyo, ufufuaji huu una hatari yake, na ni haki kuitaja. Ndani ya kompyuta mtu aweza kurudi Septemba 1938, akapaa na B-534, akapigana vita ambavyo havikupiganwa, akashinda. Kwa muda wa saa moja uchungu wa taifa hugeuka kuwa furaha. Je, hiyo ni historia? Sivyo. Ndege mpya za Wajerumani za wakati ule zilikwenda kasi kuliko B-534, ingawa hii iligeuka kwa wepesi zaidi. Na tena vita havipiganwi kwa ndege peke yake, bali kwa mafuta, chakula, washirika na mioyo ya watu. Mfano wa kompyuta waweza kutuambia ndege iligeuka vipi. Hauwezi kutuambia taifa lingefanya nini. Walio tayari kupigana walionyesha kwa vitendo: marubani wengi walitoroka kupitia Poland na Ufaransa mpaka Uingereza, na mmoja wao, Josef František, alihesabiwa ushindi wa angani mara 17 katika mwezi wa Septemba 1940 peke yake, kabla hajafa katika ajali mwezi uliofuata. Hayo yalitendeka kweli, nayo hayahitaji kupambwa.

Kwa sababu hiyo mafundi walio bora huambatanisha na ndege yao maelezo mafupi, yanayosema: sehemu hii tumeipima, sehemu hii tumeitoa katika michoro, na sehemu hii tumeikisia kwa hesabu. Maelezo hayo hayaonekani angani, na wachezaji wengi hawayasomi. Lakini ndiyo yanayoitenga kazi ya elimu na kazi ya ndoto. Kukisia si aibu, maana ushahidi haujai kamwe. Aibu ni kukisia na kuliita kisio hilo ukweli.

Tena maelezo hayo yana faida nyingine. Programu za kompyuta nazo huzeeka, na huzeeka upesi kuliko chuma. Ndege iliyoundwa kwa programu ya miaka ishirini iliyopita mara nyingi haifunguki katika programu ya leo. Basi yule aliyefufua ndege aweza kuiona ikifa tena machoni pake. Kitakachomwokoa si umbo alilolichora, bali ni vipimo, picha na ushahidi aliouhifadhi pamoja na sababu za kila uamuzi wake. Akiwa navyo, fundi mwingine ataanza pale alipoishia yeye. Akiwa hanavyo, fundi huyo ataanza upya, na huenda mashahidi wa mwisho wawe wamekwisha kuondoka.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi mna umri ambao marubani wengi wa B-534 walikuwa nao walipoanza kujifunza kuruka. Pengine baadhi yenu mtashika kazi za kompyuta, na baadhi kazi za ualimu, au uhunzi, au ukulima. Katika kazi yoyote mtakutana na vitu vya kale vinavyokaribia kusahauliwa, na wazee wanaojua vilivyotumika. Mtakapofika hapo, msiridhike na kuvisifu. Chukueni kipimo, ulizeni maswali, andikeni mlichoambiwa na jina la aliyewaambia, na mtenge mlichokiona na mlichokikisia. Hivyo ndivyo taifa dogo la katikati ya Ulaya linavyorudishiwa ndege zake, moja baada ya moja, na watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa zilipotekwa.